Gumegume na Kipimo cha Baruti

Gumegume ni ile bunduki ndefu ya wazee, iliyojazwa kwa mdomo wa mtutu. Watu huuliza: zamani za Msiri silaha hizo zilikuwa nyingi katika Katanga, basi mbona hazikuizuia nchi isitwaliwe? Sababu moja imo ndani ya mtutu wenyewe.

Baruti ya zamani ni vitu vitatu: katika sehemu 100, shura yapata 75, makaa 15, kiberiti 10. Mpigaji aliimimina mtutuni, akatia risasi, akashindilia kwa mdeki. Kisha akatia baruti kidogo kifani. Jiwe likapiga chuma, cheche ikawasha.

Kazi kubwa ni kipimo. Baruti ikipungua, risasi huanguka karibu. Ikizidi, bunduki humpiga mwenyewe begani, na mtutu mbovu hupasuka. Kwa hiyo fundi hupima kwa chombo kimoja, hupiga shabaha ile ile mara nyingi, hutazama risasi zimeingia wapi. Akiisha kupata kipimo kinachozikusanya pamoja, ndipo hurekebisha alama ya kulengea. Akibadili kipimo, sharti aanze tena.

Lakini ufundi huo wafaa hasa kwa bunduki yenye mifereji ndani ya mtutu, inayoizungusha risasi ipate kwenda sawa. Mwaka 1849 Mfaransa Claude-Étienne Minié alitengeneza risasi iliyoingia kwa urahisi, kisha ikatanuka na kushika mifereji hiyo. Bunduki za biashara zilizoletwa Afrika, nyingi kutoka Liège na Birmingham, zilikuwa na mtutu laini. Risasi ilicheza ndani. Kupita hatua 100 hata mwenye jicho kali hakuwa na hakika ya kumpata mtu.

Msiri, aliyetoka Unyamwezi akatawala Garenganze huko Bunkeya, alipata bunduki na baruti kwa pembe za ndovu, shaba na watumwa. Huo ndio uchungu wa habari hii: watu waliuzwa ili silaha zipatikane, na silaha zikakamata watu wengine. Tarehe 20 Desemba 1891 Kapteni Bodson, wa msafara wa Stairs uliokuja na bunduki mpya za kujazwa nyuma, alimwua Msiri. Naye Bodson akapigwa risasi, akafa.

Tofauti ya mitutu ikawa sheria. Kardinali Lavigerie alikuwa amepaza sauti mwaka 1888 juu ya biashara ya watumwa, na tarehe 2 Julai 1890 mataifa yakatia sahihi Mkataba wa Bruxelles, ulioanza kutumika mwaka 1892. Bunduki za mifereji na za kujazwa nyuma zilikatazwa, isipokuwa kwa ruhusa. Gumegume za mtutu laini ziliweza kuuzwa mahali serikali ilipokubali. Sheria hiyo ilikusudiwa kuwazuia wakamata watumwa. Lakini pia iliwaachia watawala wageni silaha iliyo bora, na wenyeji ile isiyofika mbali.

Basi, mzee akikuonyesha gumegume, usiichezee, maana huenda baruti imo bado. Muulize kwanza ilinunuliwa kwa kitu gani.