Wimbo Mmoja, Mikono Mingi: Bendi za Wanyika na Suala la Mtunzi

Mwalimu mwenzangu, na wewe mtahiniwa unayejiandaa kwa karatasi ya fasihi, hebu tuanze na kosa linalojirudia katika majibu mengi. Mwanafunzi hupewa wimbo auchambue, naye huandika: "Mtunzi anasema kwamba ameonewa." Ukimwuliza mtunzi huyo ni nani, hunyamaza. Ukimwuliza amejuaje kwamba aliyeonewa ni mtunzi mwenyewe wala si mhusika aliyebuniwa, hunyamaza zaidi. Tukisoma shairi la Shaaban Robert tunaweza angalau kumtaja aliyeshika kalamu. Je, katika wimbo wa bendi iliyodumu miaka ishirini na zaidi, kalamu ilikuwa mkononi mwa nani?

Makala haya yanajaribu kulijibu swali hilo kupitia historia ya bendi za Wanyika. Dai letu ni moja: wimbo wa bendi hautoki katika kichwa cha mtu mmoja aliyejifungia chumbani akingoja kushukiwa na wazo. Huzaliwa kazini, mikononi mwa wengi, na kazi hiyo huacha alama katika maneno yenyewe. Mhakiki asiyezitambua alama hizo atauchambua wimbo nusunusu.

Usuli

Sisi tunaofundisha Kitengela na Kajiado tunaijua vyema barabara ya Namanga. Msafiri anayetoka Arusha kuelekea Nairobi huvuka mpaka Namanga, akapita Bisil, Kajiado, Isinya na Kitengela, na muda wote huo macho yake yako nyikani: nyasi, migunga, mifugo na upeo ulio wazi. Neno nyika basi halihitaji picha ya kitabuni katika madarasa yetu. Mwanafunzi akichungulia dirishani ameshaliona.

Neno hilo ndilo lililobeba jina la bendi tunayoizungumzia. Wilson Peter Kinyonga na nduguye George Peter Kinyonga walianza muziki mjini Tanga, ambako walijiunga na Jamhuri Jazz Band mwaka wa 1966. Mnamo 1970 walihamia Arusha na kuunda Arusha Jazz. Mwaka uliofuata, 1971, walihamia Kenya, na hapa bendi yao ikapata jina lililoipa umaarufu: Simba Wanyika. Mwaka wa 1978 baadhi ya wanamuziki walijitenga. Omar Shabani aliyepiga gitaa la ridhimu, Tom Malanga wa gitaa la besi na Rashid Juma wa ngoma waliungana na John Ngereza, wakaunda Les Wanyika. Wimbo wao "Sina Makosa" ulivuma mwaka wa 1979 na haujazeeka hadi leo. Baadaye ikazuka Super Wanyika ya mwimbaji Issa Juma.

Tazama jinsi jina lenyewe linavyocheza na sarufi. Simba wa nyika ni mnyama mmoja, mfalme wa eneo lake. Lakini pindi wa na nyika yanapoandikwa pamoja tunapata Wanyika, nomino ya ngeli ya A-WA, yaani watu wa nyika, jina ambalo watu wa pwani waliwaita jirani zao wa bara hapo zamani. Bendi ilipogawanyika, simba aliachwa nyuma, wakabaki Wanyika, wakitanguliwa na neno la Kifaransa, Les, lililoashiria heshima ya muziki wa Kongo wakati huo. Katika jina moja tunasoma Tanga, bara na Kongo. Hiyo ndiyo jografia ya nyimbo zao pia.

Chimbuko la nyimbo

Nyimbo hizi zilichota wapi? Kwanza, zilichota katika urithi wa pwani. Tanga ulikuwa mji wa dansi na wa ushindani. Jamhuri Jazz ilikuwa na mpinzani wake, Atomic Jazz, katika mji huohuo. Ushindani huu ulikuwa na mizizi mirefu. Tangu enzi ya ngoma ya beni, mwanzoni mwa karne ya ishirini, vikundi kama Marini na Arinoti vilishindana kwa mavazi, kwa midundo na kwa maneno. Msanii aliyekulia katika mazingira hayo hujua kwamba wimbo ni jibu. Hata pale ambapo hamtaji mpinzani, hutunga akijua kwamba ukumbi wa jirani unasikiliza.

Pili, zilichota katika mazungumzo ya kila siku. Chunguza jinsi nyimbo nyingi za Wanyika zinavyojengwa: kuna anayesema, kuna anayeambiwa, na kuna jambo linalodaiwa baina yao. Katika "Sina Makosa", nafsineni anamkabili mwanamume mwenzake aliyemkasirikia kwa sababu ya mwanamke, naye anajitetea kwa maswali ya balagha. Anayezozaniwa hapewi nafasi ya kusema lolote. Katika "Sigalame" wa Issa Juma, wa miaka ya 1980, nafsineni anamwulizia rafiki aliyepotea machoni pa watu, ambaye inasemekana anafanya biashara isiyoeleweka vizuri. Huu ni usemi wa barua, wa kibarazani na wa kituo cha magari. Mtahiniwa anayetafuta jazanda nzito hapa atatoka mikono mitupu. Atafute hali ya usemaji: nani anamwambia nani, na kwa nini sasa?

Tatu, zilichota katika methali na mchezo wa sauti. Simba Wanyika wana wimbo uitwao "Shilingi Yaua Tena Maua". Kichwa hicho peke yake chatosha kipindi kizima. Ua kitenzi na ua nomino ya mmea vinawekwa bega kwa bega, na fedha inakuwa kifo na pambo kwa wakati mmoja. Mchezo wa namna hii, ambao sikio huunasa kabla akili haijauchambua, ni mali ya kale ya ushairi wa Kiswahili. Bendi iliurithi tu na kuutia magitaa.

Wimbo unavyofinyangwa

Sasa tuingie mazoezini. Mwanafunzi wa Kajiado ana bahati, kwa kuwa mfano anao nyumbani. Katika nyimbo za Wamaasai kuna olaranyani, mwimbaji anayeanzisha na kuongoza. Wenzake huitikia na kushikilia mdundo kwa sauti za kooni. Olaranyani ana maneno, lakini bila kundi hana wimbo. Bendi ya rumba hufuata kanuni iyo hiyo kwa ala nyingine. Gitaa la solo huongoza, la ridhimu hushikilia, la besi huweka msingi, na waimbaji huitikia.

Basi mtu hufika mazoezini na mstari, wala si wimbo. Tufanye jaribio letu wenyewe. Tuseme umeleta mstari huu ulioutunga ukisubiri matatu Kitengela: Nimekungoja kituoni tangu asubuhi. Uhesabu. Una mizani kumi na tano. Mpiga ridhimu anakwambia mdundo wake una nafasi ya mizani nane. Utafanyaje? Unapunguza: Nakungoja kituoni. Mizani nane kamili, sawa na kipande cha tarbia. Na tangu asubuhi? Hayo maneno yanahamia kwa waitikiaji, yanakuwa kibwagizo.

Umeona kilichotokea? Gitaa limebadilisha maana. Nimekungoja ni kungoja kuliko na historia. Nakungoja ni kungoja kusikokwisha. Aidha, malalamiko ya mtu mmoja kuhusu asubuhi yake sasa yanaimbwa na watu watatu au wanne kwa pamoja. Ile mimi imekuwa sisi. Aliyeyasababisha mabadiliko haya hakusema hata neno moja. Alishika tu mdundo wake. Ndiyo sababu si haki kumtaja mwimbaji peke yake tunapozungumzia utunzi wa Les Wanyika, hali gitaa la ridhimu la Omar Shabani ndilo linalotambulisha nyimbo zao kabla mtu hajafungua kinywa.

Kuna mkono mwingine usioonekana, nao ni wa santuri. Katika miaka ya 1970 nyimbo nyingi za dansi nchini Kenya zilitolewa kwenye santuri ndogo zenye pande mbili, kila upande ukichukua dakika chache tu. Wimbo mrefu ulikatwa sehemu ya kwanza na ya pili. Mara nyingi upande wa kwanza ulibeba kisa, na wa pili ukawaachia magitaa uwanja huku maneno yakipungua na kurudiwarudiwa. Mwanafunzi akiona takriri nyingi mwishoni mwa wimbo wa aina hii, asikimbilie kuandika "kusisitiza ujumbe" na kuishia hapo. Takriri hiyo ina kazi ya mchezaji: inampa nafasi ya kucheza bila kukosa neno jipya. Umbo limetokana na matumizi.

Mkono wa mwisho ni wa hadhira. Bendi ilipopiga usiku baada ya usiku katika kumbi za burudani, wachezaji walikuwa wahakiki wa kwanza. Ubeti uliowarudisha watu vitini ulikuwa na dosari. Ule uliowainua ulidumu. Kisha redio, Sauti ya Kenya, ikaupeleka wimbo hadi kwa wasikilizaji ambao hawakuwahi kuingia ukumbini, nao wakaupa maana zao.

Mgawanyiko kama chemchemi

Huenda ukajiuliza, mbona bendi hizi zilidumu licha ya kuvunjika? Jibu letu ni kwamba kuvunjika kwenyewe kulikuwa chanzo cha utunzi. Waliojitenga mwaka wa 1978 walibeba mtindo uleule, lakini walilazimika kuthibitisha kwamba wao si kivuli cha waliobaki. Waliobaki nao walilazimika kuonyesha kwamba simba bado yuko. Simba Wanyika waliendelea na rumba yao tulivu iliyopambwa kwa saksafoni. Les Wanyika wakaegemea muwala wa magitaa na sauti zinazofuatana. Jamii moja ya muziki ikatoa mitindo miwili inayosikika kuwa ndugu. Hapa tena, msukumo haukuanguka kutoka mbinguni. Ulitoka kwa jirani.

Hitimisho

Kwa nini haya yakuhusu wewe mwalimu na wewe mtahiniwa? Kwa sababu watu wenyewe wametutoka. George Kinyonga alifariki mwaka wa 1992, Wilson mwaka wa 1995, Omar Shabani mwaka wa 1998 na John Ngereza mwaka wa 2000. Diwani huhifadhi neno la mshairi hadi alama ya mkato. Wimbo wa bendi huishi kwenye santuri na kwenye masikio ya watu, na masikio huteleza. Wasikilizaji wawili wa wimbo mmoja wanaweza kubishana kuhusu neno moja hadi usiku wa manane. Neno hilo likipotea, mstari unapotea, na mtahiniwa wa miaka ijayo atachambua kosa la mnukuzi akidhani ni ufundi wa msanii.

Kwa hivyo pendekezo letu ni dogo. Lipatie darasa lako wimbo mmoja wa zamani wa Kiswahili. Kila kundi lisikilize na kuandika maneno peke yake, kisha mlinganishe. Pale mnapotofautiana, sikilizeni tena pamoja mpaka mwafikiane. Mtakuwa mmefanya kazi ya kukusanya na kuhifadhi fasihi simulizi, ambayo mtihani huuliza kila mara na ambayo tumezoea kuifundisha kwa nadharia tu. Na siku ile mwanafunzi wako atakapoandika "nafsineni" badala ya "mtunzi", tena akaeleza kwa nini, mpe alama yake kwa furaha.

Maswali ya kudurusu

1. Tofautisha mtunzi, mwimbaji na nafsineni kwa kurejelea wimbo wowote wa bendi unaoujua.

2. Andika mstari wa mizani kumi na tano kuhusu maisha ya mtaani kwenu. Upunguze uwe na mizani nane, kisha ueleze maana iliyobadilika.

3. "Takriri katika wimbo wa dansi humtumikia mchezaji kabla ya kumtumikia msikilizaji." Jadili.