Kutu ya Pwani: Je, dawa ya kufukuza maji inatosha?

Geti langu limepakwa rangi mara tatu katika miaka mitano, na kila mara kutu hurudi pale pale: kwenye kona, kwenye mishono ya kuchomelea, na chini maji ya mvua yanapotuama. Juzi fundi aliniletea kopo la dawa ya kufukuza maji, akaniambia nikishapuliza hiyo nimemaliza kazi. Sikukubali upesi.

Chuma hushika kutu kikipata maji na hewa ya oksijeni. Chumvi ya bahari huongeza balaa: huvuta unyevu, hivyo chuma hubaki na majimaji hata siku isiyo na mvua, tena huyafanya maji hayo yapitishe umeme vizuri. Na kutu ni mwendo wa umeme mdogo mdogo.

Dawa hizi kweli zina elimu ndani yake. Tone la maji likisimama juu ya kitu kwa pembe inayozidi digrii 90, kitu hicho kinakataa maji; ikizidi 150, tone huviringika kama shanga na kuchukua vumbi. Mwaka 1997 Wajerumani wawili, Wilhelm Barthlott na Christoph Neinhuis, walieleza jinsi jani la lotasi linavyofanya hivyo kwa vijinundu vidogo vyenye nta. Tatizo ni kwamba vijinundu vya kutengenezwa hulika upesi. Mikono, mchanga na brashi vikipita, tone halisimami tena. Isitoshe, mvuke wa maji hupenya mahali ambapo tone limeshindwa.

Kinachodumu ni tabaka. La kwanza ni zinki, kwa kuchovya chuma katika zinki iliyoyeyuka, yapata nyuzijoto 450, au kwa praima yenye zinki nyingi. Zinki huliwa kwanza badala ya chuma, kwa hiyo hata ukikwaruza kidogo kinga inabaki. Juu yake huja epoksi ya kuzuia maji, kisha poliurethani, kwa kuwa epoksi ikipigwa na jua hugeuka unga mweupe. Tafadhali msipake rangi ya kawaida ya mafuta moja kwa moja juu ya zinki: huungana nayo ikawa kama sabuni, halafu rangi yote ikabanduka. Nadhani ndiyo siri ya mageti mengi mtaani kwetu.

Lakini kazi kubwa ni kabla ya rangi. Sugua kutu yote, kwani kutu hutanuka na kuinua rangi kutoka chini. Kisha osha kwa maji baridi yasiyo na chumvi. Ya kisima cha hapa mara nyingi hayafai. Kona kali zipigwe tupa ziwe mviringo, maana rangi hukimbia ncha, na mishono ipakwe kwa brashi kwanza. Usipake alfajiri chuma kikiwa na umande. Na fundi akikata kwa grainda, asikate karibu na mabati: cheche hunasa juu yake, na baada ya siku chache kila moja ni doa la kutu.

Lile kopo nimeliweka. Nitapuliza rangi ya mwisho ikishakauka kabisa, si kabla, kwa sababu zenye silikoni huzuia rangi isishike.