Jeraha la Kichwa na Fidia ya Mfanyakazi Kisangani

Mji wa Kisangani ulikua kwa kazi ya kupakia na kupakua. Meli zinazopanda mto Kongo kutoka Kinshasa hukomea hapo, kwa sababu mbele yake kuna maporomoko saba ya Boyoma. Ili kuyakwepa, kampuni ya reli ya CFL, iliyoundwa mwaka 1902, ilijenga njia ya kilomita 125 kutoka ukingo wa kushoto hadi Ponthierville, Ubundu ya leo, na treni zikaanza kupita mwaka 1906. Kwa hiyo mzigo uliokuwa safarini kwenda juu ya mto ulishushwa melini, kisha ukapakiwa tena kwenye mabehewa. Kazi ya namna hiyo huumiza vichwa: mtu huteleza kwenye ubao akaangukia sitaha, hupigwa na gogo linaloning'inia kwenye winchi, au hudondoka kutoka juu ya behewa.

Ubelgiji, iliyokuja kuitawala Kongo, ilikuwa na sheria ya fidia ya ajali za kazini tangu Desemba 1903, lakini sheria hiyo haikumhusu Mkongo. Dekreti ya Machi 1922 kuhusu mikataba ya kazi ilimtaka mwajiri ampe kibarua huduma za lazima, matibabu yakiwemo. Hata hivyo, iliweka pia adhabu za jinai kwa kibarua aliyevunja mkataba. Hapo ndipo palipokuwa na hatari kwa aliyeumia ubongo. Mtu wa aina hiyo husahau maagizo, hukasirika upesi, huchoka kabla ya wenzake, na kidonda chake cha nje kimekwisha kupona. Machoni pa msimamizi angeweza kuhesabiwa mvivu au mkaidi.

Fidia ilipokuja, ilikuja kwa rangi ya ngozi. Dekreti ya Desemba 1945 iliwahusu wafanyakazi wasio wenyeji, na ile ya wenyeji wa Kongo na Ruanda-Urundi ilisubiri hadi Agosti 1, 1949. Gati lilikuwa moja na winchi ilikuwa moja, ila fuvu la karani Mzungu na la mpakuzi Mkongo yalipimwa kwa sheria mbili. Huo ulikuwa udhalimu ulioandikwa waziwazi.

Dekreti-sheria ya Juni 29, 1961 iliunganisha mifuko iliyokuwapo na kuunda Taasisi ya Taifa ya Hifadhi ya Jamii, INSS. Ilitolewa Léopoldville, Kinshasa ya leo, wakati ambapo Stanleyville, jina la Kisangani la siku zile, ulikuwa makao ya serikali pinzani ya Antoine Gizenga, na mwaka 1964 mji huo ulitekwa na waasi wa Simba. Bado, mpango wenyewe ulikuwa wa maana. Aliyeshindwa kufanya kazi kwa muda alistahili theluthi mbili za ujira wake wa siku. Aliyepoteza kabisa uwezo wa kufanya kazi alistahili pensheni ya asilimia 85 ya wastani wa mshahara wake, na nyongeza ya nusu ya pensheni ikiwa hawezi kuishi bila mtu wa kumhudumia. Kwa jamaa wanaomlinda baba mwenye kifafa cha baada ya ajali, nyongeza hiyo ndiyo iliyogusa mzigo halisi.

Ugumu ulikuwa katika kupima. Ulemavu wa kuanzia asilimia 15 ulileta pensheni. Chini ya hapo ulilipwa kwa mkupuo. Kidole kilichokatika huonekana, lakini kumbukumbu iliyopotea haionekani kwa macho wala kwa picha ya eksirei. Mashine ya kwanza ya skana ilimpiga picha mgonjwa London mwaka 1971, miaka kumi baada ya sheria hiyo. Daktari aliyekosa kifaa hicho alitegemea tarehe ya ajali katika taarifa ya mwajiri, maelezo ya wafanyakazi wenzake na majeruhi kuhusu kuzimia kwake, na ushahidi wa mke wa majeruhi. Taarifa ikikosekana, degedege lililoanza miezi mingi baadaye lilikuwa gumu kuunganishwa na kazi.

Kisha pesa yenyewe ikaanguka. Zaire mpya ya mwaka 1993 ilichukua nafasi ya zaire milioni 3 za zamani, na faranga ya mwaka 1998 ikachukua nafasi ya zaire mpya 100,000. Faranga moja ilisimama badala ya zaire bilioni 300. Pensheni iliyokokotolewa kwa mshahara wa miaka ya 1970, bila kupandishwa upya, haikuweza kununua hata chumvi.

Sheria ya Julai 15, 2016 iliufanyia mfumo marekebisho, na mwaka 2018 INSS ikawa CNSS. Mchango wa ajali na magonjwa ya kazini, asilimia 1.5 ya mshahara, hulipwa na mwajiri peke yake. Lakini kazi za Kisangani zilikuwa zimebadilika. Katika miaka ya vita, toleka, yaani baiskeli za kubeba abiria, zilishika usafiri wa mji, na baadaye pikipiki zikazifuata. Dereva wa pikipiki humpelekea mwenye chombo fungu la kila siku, kwa kawaida bila mkataba wa kazi ulioandikwa. Akianguka na kupasuka fuvu, hakuna mwajiri wa kuandika taarifa ya ajali wala mchango uliolipwa kwa jina lake. Matibabu hubebwa na ukoo na michango ya madereva wenzake.