Neno la Mwisho: Historia ya Mahakama ya Rufani ya Tanzania

Katika kila nchi yenye kutawaliwa kwa sheria hapana budi pawepo mahali ambapo shauri hukoma. Mdai amesema, mdaiwa amejibu, hakimu wa kwanza ameamua, wa pili ametengua. Hatimaye lazima wawepo watu ambao wakishatamka, hakuna mahakama nyingine ya kuwasahihisha. Kwetu Tanzania mahali hapo ni Mahakama ya Rufani, na watu hao ni Majaji wa Rufani wakiongozwa na Jaji Mkuu. Wanafunzi wetu hapa Mhunze huisoma mahakama hii katika somo la uraia kana kwamba ilikuwako tangu zama za kale. Kumbe ni changa: iliundwa mwaka 1979, miaka kumi na minane baada ya Uhuru wa Tanganyika. Yafaa basi tuulize neno hilo la mwisho lilikuwa kinywani mwa nani kabla ya hapo.

Na tuanzie hapa hapa Usukumani. Kabla ya wageni kuja, mashauri ya ng'ombe wa mahari, ya mipaka ya mashamba na ya ugomvi wa majirani yalikatwa na wazee kijijini. Yaliyowashinda yalipelekwa ikulu, yaani kwenye makao ya ntemi. (Neno hilo, ambalo leo Watanzania wote hulitumia kwa makao ya Rais, limetoka katika lugha za huku kwetu, Kisukuma na Kinyamwezi.) Ntemi ndiye aliyekuwa na neno la mwisho, lakini hakuwa peke yake. Banang'oma, wazee waliomchagua, waliweza pia kumwondoa. Hatusemi kwamba haki ilitendeka siku zote, maana ntemi alitawala na kuhukumu kwa kinywa kile kile. Tunasema tu kwamba mwenye shauri alimfahamu aliyemhukumu, alifika kwake kwa miguu, na alisikia hukumu kwa lugha aliyonyonya kwa mama yake.

Waingereza walipoishika Tanganyika waliunda Mahakama Kuu mwaka 1920. Mtu angedhani kwamba tangu hapo kila mkazi wa nchi alikuwa na jaji wa kumkimbilia. Hasha. Gavana Donald Cameron, aliyefika mwaka 1925, alikuja na siasa ya kuwatawala Waafrika kwa kupitia wakuu wao wenyewe. Katika siasa hiyo mahakama za wenyeji zilihesabiwa kuwa tawi la utawala. Jaji Mkuu wa wakati huo, Alison Russell, alipinga. Lakini Gavana akashinda, na sheria ya mwaka 1929 ikaziondoa mahakama za wenyeji chini ya Mahakama Kuu. Rufani kutoka kwa ntemi ikawa inakwenda kwa mkuu wa wilaya, kisha kwa mkuu wa jimbo, na mwisho kwa Gavana mwenyewe.

Tuitazame hali hiyo kwa makini, maana ndiyo kiini cha habari yetu. Wananchi walimwita mkuu wa wilaya "Bwana Shauri", na jina hilo halikuwa mzaha. Mtu yule yule aliyekusanya kodi, aliyeamuru watu walime barabara na aliyesimamia kupunguzwa kwa mifugo, ndiye aliyesikiliza rufani ya mfugaji aliyeshtakiwa kwa kukaidi amri kama hizo. Sasa tuchukue mfano. Mwaka 1940 John Williamson aligundua almasi Mwadui, mahali ambapo leo pamo katika Wilaya yetu ya Kishapu. Mwenye mgodi wa namna ile, akiwa na shauri la madai, aliweza kulipeleka Mahakama Kuu, kisha Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, na hata London, kwenye Kamati ya Sheria ya Baraza la Mfalme. Mchungaji wa ng'ombe aliyekaa ng'ambo ya uzio wa mgodi huo, akiwa na shauri lake dhidi ya jirani mbele ya ntemi, alikomea kwa Gavana. Ardhi ilikuwa moja na jua ni moja, lakini ngazi za haki zilikuwa mbili, na moja kati yake haikuwa na jaji hata kipandio kimoja.

Mwaka 1951 serikali ya kikoloni ililegeza kidogo: ikaunda Mahakama Kuu ya Rufani ya Mashauri ya Wenyeji ikae mahali pa Gavana. Ngazi mbili zikabaki mbili vile vile.

Uhuru ndio uliozivunja. Mamlaka ya watemi yalifutwa mwaka 1963, na mwaka huo huo ikatungwa Sheria ya Mahakama za Mahakimu, iliyoanza kutumika Julai 1964. Tangu hapo pakawa na ngazi moja: Mahakama ya Mwanzo, Mahakama ya Wilaya, Mahakama Kuu. Vitabu vya historia huipita sheria hii kwa mstari mmoja, navyo havitendi haki. Kwa mwananchi wa kawaida lilikuwa badiliko kubwa kuliko mengi yaliyoshangiliwa kwa ngoma. Shauri la mbuzi lililoanzia kijijini liliweza sasa, kwa sheria, kufika mbele ya jaji.

Juu ya Mahakama Kuu, hata hivyo, neno la mwisho lilikuwa bado nje ya mipaka. London tuliikata mwaka 1962, Tanganyika ilipokuwa Jamhuri. Tulibaki na Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, ambayo asili yake ni ya mwaka 1902 na ambayo makao yake yalikuwa Nairobi. Hatukuionea haya. Ilikuwa mali ya nchi tatu, majaji wake walisafiri kusikiliza rufani Dar es Salaam na Kampala, na Jumuiya ya mwaka 1967 iliikubali kuwa chombo chake. Nyumbani, Mahakama Kuu iliongozwa kuanzia 1965 na Philip Telford Georges, mwanasheria aliyetoka visiwa vya Karibi; mwaka 1971 akafuata Augustine Saidi, Mtanzania wa kwanza kushika cheo cha Jaji Mkuu.

Mwaka 1977 Jumuiya ilivunjika, na mahakama yake ikafa pamoja nayo. Kwa muda wa miaka miwili hivi Tanzania haikuwa na mahakama yoyote juu ya Mahakama Kuu. Sisi wa Shinyanga tuna sababu ya kuukumbuka mwaka ule kwa jambo jingine. Katika msako wa wauaji uliofanyika huku kwetu na Mwanza mwaka 1976, watu kadhaa walikufa mikononi mwa vyombo vya dola. Mnamo Januari 1977 Waziri wa Mambo ya Ndani, Ali Hassan Mwinyi, alijiuzulu akibeba dhamana ya vifo hivyo, ingawa yeye binafsi hakuvitenda. Katika nchi ambamo mambo ya namna ile huweza kutokea, ukosefu wa mahakama ya mwisho ni hatari iliyo wazi.

Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilianzishwa, basi, mwaka 1979. Jaji Mkuu alikuwa Francis Nyalali, aliyeshika cheo hicho mwaka 1977 akiwa na umri wa miaka arobaini na ushei tu, akakaa nacho hadi mwaka 2000. Miongoni mwa majaji wa miaka ile ya kwanza walikuwamo Mustafa, aliyekwisha kuwa jaji katika mahakama ya Jumuiya, pamoja na Mwakasendo, Makame na Kisanga. Kwa kawaida huketi watatu. Shauri likiwa zito sana huongezwa wakawa watano, na mwaka 2010, katika shauri la mgombea binafsi, walikuwa saba. Rufani za Zanzibar nazo huwafikia, isipokuwa mambo kama yale ya Mahakama ya Kadhi.

Mahakama ilikuwa na umri wa miaka michache tu pale sungusungu walipoanza kuenea Kahama na Shinyanga. Wananchi waliochoshwa na wizi wa ng'ombe walikaa dagashida, wakahukumu na kuadhibu wenyewe. Wako waliowasifu na wako waliowalaani. Sisi twaona kwamba walikuwa wanalijibu swali lile lile la kale: mwenye neno yuko wapi, nasi twamfikiaje?

Haki za Binadamu ziliingizwa katika Katiba mwaka 1984, na kuanzia 1988 ziliweza kudaiwa mahakamani. Hapo ndipo majaji walipopimwa. Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu alikitangaza kifungu kilichonyima dhamana kwa baadhi ya makosa kuwa kinyume cha Katiba. Serikali ikakata rufani. Na mwaka 1991 Nyalali na wenzake wakaikataa rufani hiyo. Mwaka 1994 Mwalusanya akasema adhabu ya kifo nayo ni batili. Safari hii, mwaka 1995, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kunyonga ni ukatili unaomdhalilisha mtu, kisha ikasema Katiba yairuhusu adhabu hiyo kwa manufaa ya umma. Hatuoni aibu kusema kwamba hoja hiyo hutushinda kuifafanua darasani. Mwaka 2000, mahakama hiyo hiyo ilisema kwamba kosa la uhaini haliwezi kutendwa dhidi ya Zanzibar, kwa kuwa Zanzibar peke yake si dola. Na Oktoba 2019 ilikubaliana na Mahakama Kuu kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971, vilivyoruhusu binti kuolewa akiwa na miaka kumi na mitano, vyavunja Katiba. Kwa mkoa kama wetu, ambako dawati la msichana huachwa tupu ng'ombe wa mahari wafikapo, hukumu hiyo haikuwa ya mbali.

Lakini iliandikwa kwa Kiingereza. Mahakama ya Mwanzo hunena Kiswahili; kadiri shauri lilivyopanda juu, ndivyo mwenye shauri alivyozidi kuwa kiziwi katika jambo lake mwenyewe. Hata majina yaliligawa tabaka hilo: wa chini ni hakimu, neno lililotufikia kwa Kiarabu kutoka pwani, wa juu ni jaji, neno la Mwingereza. Mnamo 2020, katika Mahakama Kuu ya Musoma, Jaji Zephrine Galeba aliandika kwa Kiswahili uamuzi wa shauri lililohusu mgodi wa dhahabu wa North Mara. Februari 2021 Rais John Magufuli alimpandisha kuwa Jaji wa Rufani, akiutaja uamuzi huo kuwa sababu, na mwaka huo huo sheria ikakifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama zote, Kiingereza kikibakizwa kwa pale ambapo haki yakihitaji. Hukumu nyingi za Mahakama ya Rufani ziliendelea kutoka kwa Kiingereza hata baada ya hapo. Walakini majaji hao siku hizi huja kuketi Shinyanga pia, na milango huwa wazi. Mwalimu anaweza kuwapeleka wanafunzi wake wakaketi nyuma, wakasikiliza, na kuhesabu ni maneno mangapi aliyeleta rufani ameyaelewa.