Historia ya Cherehani, na Namna ya Kuipima Iliyokwisha Tumika

Wanachama wenzangu, kurasa nyingine za kijitabu hiki zaeleza mazao tuliyokusanya na majengo tuliyojenga katika miaka hii kumi. Mimi nimependa kueleza habari za chombo kimoja cha ghalani, yaani cherehani kubwa ya kiwanda, tuliyoinunua ikiwa imekwisha tumika, kwa kushonea magunia na maturubai. Siku hizi yaruka mishono, na katika mkutano mkuu ujao wanachama wataulizwa kama itengenezwe au iuzwe kwa bei ya chuma chakavu. Yafaa tujue asili yake kabla ya kuihukumu.

Mshona nguo mmoja wa Ufaransa, Barthélemy Thimonnier, alipewa hati ya kulinda uvumbuzi wake wa cherehani mwaka 1830. Mashine zake zipatazo 80 zilishona sare za askari mjini Paris, hata mwaka 1831 washonaji wa mkono, wakiogopa kupokonywa riziki, waliingia wakazivunja. Thimonnier alikufa maskini mwaka 1857. Mshono wake ulikuwa wa uzi mmoja, mfano wa mnyororo. Kila mkulima aujua, maana mshono wa namna hiyo hufunga midomo ya magunia hata leo: ukiipata ncha yake na kuivuta, wote wafumuka.

Dawa ya udhaifu huo ilikuwa nyuzi mbili. Huko Marekani, Elias Howe alipewa hati mwaka 1846 kwa mashine ambayo tundu la sindano yake li karibu na ncha. Sindano hupenyeza uzi wa juu chini ya kitambaa, uzi hufanya kitanzi, na uzi wa pili hupita ndani ya kitanzi hicho. Mwaka 1851 Isaac Singer aliisimamisha sindano wima, akaweka na mguu wa kukandamiza kitambaa. Mwaka huo huo Allen Wilson alileta kulabu izungukayo, ambayo hukamata kitanzi. Na mwaka 1854 akaleta meno yanayopanda, kusukuma kitambaa, kushuka na kurudi. Wenye hati walishitakiana sana, mpaka mwaka 1856 wakubwa wao wakapatana kuziweka hati zao pamoja. Wenye viwanda wengine walitozwa ada mpaka mwaka 1877, lakini kazi iliendelea. Hapana mmoja wao aliyekuwa na cherehani nzima peke yake.

Basi cherehani yetu ni mkusanyiko wa uvumbuzi huo, na kila sehemu yaweza kupimwa mbali. Mpango mwema ni kuanza na jambo lisilo na gharama.

Kwanza, umeme uzimwe, kisha gurudumu lizungushwe kwa mkono. Likiwa zito, tazama vipande vya uzi vilivyonaswa kwenye kulabu na mafuta yaliyoganda.

Pili, itiwe sindano mpya ya aina inayotakiwa na mashine hiyo, isukumwe juu mpaka mwisho, na upande wake wenye mbonyeo uelekee kulabu. Sindano iliyopinda hata kidogo huifanya kulabu ikose kitanzi, na hapo ndipo mshono urukapo.

Tatu, uzi. Vitanzi vikionekana chini ya kitambaa, mara nyingi kosa liko juu: uzi haukupitishwa mahali pa kukazia, au umelegea. Uzi wa chini ukivutwa hata ukaonekana juu, ule wa juu umekazwa mno, au wa chini umelegea.

Nne, kitambaa kisiposogea, meno yamelika au yamejaa uchafu, ama mguu haukandamizi vya kutosha.

Tano, kulabu. Sindano ikiisha fika chini kabisa na kuanza kupanda, kiasi cha milimita 2, ncha ya kulabu haina budi kupita nyuma yake, juu kidogo ya tundu. Ikitangulia au ikichelewa, aitwe fundi. Lakini kazi yake ni kulegeza skrubu, kuirekebisha na kukaza tena. Ikiwa ncha imelika, kulabu yaweza kununuliwa peke yake.

Kama chuma cha mwili kimepasuka, au mhimili wa sindano wachezacheza katika nafasi yake, hayo ni maradhi makubwa, na hesabu ya gharama ndiyo iamue.

Naiomba halmashauri ifanye majaribio haya matano mbele ya wanachama wawili watatu, na matokeo yaandikwe daftarini, ndipo mkutano upige kura. Fedha iliyonunua mashine hiyo ilikatwa katika bei ya mazao ya kila mmoja wetu, mwenye gunia moja na mwenye magunia mia.