Anoreksia: Kukosa Hamu au Kujinyima?

Anoreksia ni neno lenye asili ya Kigiriki: "an" hukanusha, na "oreksis" ni hamu. Tafsiri inayokuja haraka ni "kukosa hamu ya kula", nayo inamfaa mgonjwa wa malaria anayesukuma sahani kwa sababu chakula kinamtia kichefuchefu. Haimfai mgonjwa wa anoreksia nevosa, ugonjwa wa akili ambao daktari William Gull wa London aliupa jina hilo katika makala iliyochapishwa 1874. Huyu njaa anayo, tena kali, lakini hofu ya kunenepa humzuia kula. Kosa limo katika jina la Kigiriki lenyewe, na Kiswahili hakina sababu ya kulirithi.

Mwaka 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, mtafiti Ancel Keys aliwapunguzia chakula kwa miezi sita vijana 36 waliojitolea, wote wazima wa akili na mwili. Baadhi yao walianza kukatakata chakula vipande vidogo, kukivutavuta mezani kwa saa nzima na zaidi, na kusoma vitabu vya mapishi kama watu wasomavyo riwaya. Tabia hizohizo huonekana kwa wagonjwa wa anoreksia. Asiye na hamu hasomi mapishi.

Kiswahili kina vitenzi kadhaa vya kutokula. Kususa chakula kuna aliyekuudhi, na kufunga kuna saa ya kufuturu. Kujinyima ndiko kunakokaribia zaidi, ingawa neno hilo lina sifa njema: mzazi hujinyima ili mtoto asome. Sifa hiyo haiharibu istilahi. Mgonjwa naye mara nyingi husifiwa mwanzoni kwa kupungua na kwa "kujiweza", kabla watu hawajashtuka. "Ugonjwa wa kujinyima chakula" ni jina refu, lakini linasema kweli. "Anoreksia" ibaki kwa matumizi ya kitabibu.

Kundi zima la magonjwa ya aina hii, pamoja na bulimia (kula kupita kiasi kisha kujitapisha) iliyoelezwa na daktari Gerald Russell mwaka 1979, huitwa matatizo ya ulaji. Msomaji wa Tanzania atatabasamu, maana kwake "ulaji" ni pia cheo chenye marupurupu.

Katika uponaji, lugha ina utajiri wa kutosha: nafuu, ahueni, kupona. Uzito ukirudi, hiyo ni nafuu tu. Hofu ya chakula huchelewa kuondoka. Hata kulisha kwenyewe huenda kwa kipimo, kwa sababu aliyekonda sana akilishwa ghafla, fosfati katika damu hushuka na moyo unaweza kusimama.

Michango ya kuwasaidia wagonjwa hupatikana, miongoni mwa njia nyingine, kwa matembezi ya hisani. Nchini Marekani, NEDA, shirika linaloshughulikia matatizo ya ulaji, huyaandaa katika miji mbalimbali: washiriki huchangisha ndugu na marafiki, kisha hutembea pamoja. Hapa "matembezi" yasibadilishwe kuwa "mbio", hata kama mabango ya hisani yamezoea neno hilo. Mazoezi ya kupindukia ni dalili mojawapo ya ugonjwa huu, na saa ya kuhesabu hatua mkononi mwa anayepona yaweza kumrudisha alikotoka. Ambaye daktari hajamruhusu kutembea hubaki mezani, akiandikisha washiriki na kugawa maji.