Ubadilishaji wa diski ya laptopu (Kisii na Nyamira)

Ubadilishaji wa diski ya laptopu ni kazi ya kutoa diski kuu iliyokufa au kuchoka, kutia nyingine, kisha kuweka upya mfumo endeshi. Katika kaunti za Kisii na Nyamira, magharibi mwa Kenya, hufanywa zaidi na mafundi wa maduka madogo ya simu na kompyuta. Wateja wao ni wanafunzi, walimu, makarani na wenye saiba.

Usuli

Chuo Kikuu cha Kisii, kilichoanza mwaka 1965 kama chuo cha walimu na kupewa hati ya chuo kikuu kamili mwaka 2013, pamoja na Politekniki ya Kitaifa ya Kisii, vimeujaza mji vijana wanaohitaji kompyuta kwa bei nafuu. Hitaji hilo hukidhiwa na mitumba iliyotoka katika ofisi za ng'ambo na kupitia Nairobi: HP EliteBook, Lenovo ThinkPad, Dell Latitude. Ni mashine imara ajabu. Kinachotangulia kuchoka huwa betri na diski.

Sababu za uharibifu

Diski ya kizamani ina sahani zinazozunguka, kwa kawaida mara 5,400 kwa dakika, huku kichwa cha kusomea kikielea juu yake bila kuzigusa. Laptopu iliyoachwa ikiwaka ndani ya mkoba juu ya bodaboda hukigongesha kichwa hicho kwenye sahani. Umeme nao una lawama. Nyanda za juu za Gusii, zilipo kaunti hizi mbili, hupigwa sana na radi kwa kuwa karibu na Ziwa Victoria, radi hukata stima, na laptopu ya mtumba ambayo betri yake imekufa huzimika ghafla stima zinapopotea, pengine katikati ya kuandika faili.

Dalili ni mlio wa kugonga-gonga, mashine kuchelewa kuwaka, na skrini kusema haioni diski.

Utaratibu

Fundi makini huokoa kwanza faili za mteja. Halafu huchomoa chaja na betri. ThinkPad kadhaa, kama T470, zina betri ya pili ndani, ambayo huzimwa kupitia BIOS kabla ya kufungua kifuniko. Diski ya inchi 2.5 hukaa kwenye fremu nyembamba ya chuma au mpira. Fremu hiyo huhamishiwa diski mpya, la sivyo diski inachezacheza na kuachia soketi. Skrubu hupangwa juu ya karatasi kwa mpangilio wa matundu yake, maana skrubu ndefu ikitiwa kwenye tundu la fupi inaweza kutoboa hadi sehemu ya kuwekea mikono.

Siku hizi kinachotiwa ni SSD, isiyo na kitu kinachozunguka. Hata ile ya kiunganishi cha SATA husoma takriban megabaiti 500 kwa sekunde, mara kadhaa ya kasi ya diski ya kizamani. Hakuna matengenezo mengine yanayoifufua laptopu nzee kiasi hicho.

Mfumo endeshi

Windows huwekwa kwa flashi ya gigabaiti 8 au zaidi. Mashine zilizotoka kiwandani na Windows 8 au toleo la baadaye huwa na ufunguo wa leseni ndani ya ubao mama, hivyo mteja halazimiki kununua mwingine akiwekewa toleo lilelile. Hata hivyo, wako mafundi wanaotumia programu za kuvunja leseni, tabia mbaya ambayo mara nyingi huingiza virusi.

Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa Intel, prosesa ya kizazi cha 8 kwenda juu, sharti linaloziacha nje EliteBook 840 G3 na T470. Njia mojawapo ya halali kwa mashine hizo ni Linux: toleo lake la Ubuntu 24.04, kwa mfano, halilipiwi na linahudumiwa hadi 2029. Wateja wengi bado huulizia Windows.

Diski kuukuu

Diski iliyotolewa ni mali ya mteja. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inamtaka anayeshika taarifa za watu azitunze, lakini diski husahaulika dukani ikiwa na vyeti, picha na nywila za iTax, mfumo wa kodi wa mtandaoni.

Nyamira

Kazi ni ileile. Keroka, mji ulio mpakani mwa kaunti hizo mbili kwenye barabara ya Kisii–Sotik, huhudumia wateja wa pande zote.